Tusiulaumu upepo kwa udhaifu wa gridi

Kwako Mhariri,

Kila stima inapopotea Nairobi kwa saa kadhaa, hazipiti siku mbili kabla ya kusikika madai kwamba gridi ya taifa imelemewa na umeme wa upepo, kwamba mitambo ya upepo ya Turkana, iliyoko Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ni kigeugeu, na kwamba nchi yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na maji ya Mto Tana haina haja ya kuhangaika na kitu kinachokuja na kwenda kitakavyo. Nimeyasikia madai hayo redioni, katika mikutano ya wazazi, na hata katika chumba cha walimu wenzangu. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya upili jijini hapa, na naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naamini lawama hizo zimeelekezwa pasipofaa. Upepo wetu ni miongoni mwa pepo bora duniani kwa kuzalisha umeme. Kinachotukwamisha ni njia unamopita umeme huo, saa ambazo upepo huvuma, na uchache wa mahali pa kuihifadhi nishati yake.

Tuanze na tukio ambalo wengi wanalikumbuka. Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, saa mbili na dakika 56 asubuhi, stima ilipotea katika sehemu kubwa ya nchi. Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, alieleza baadaye kwamba laini ya umeme mkubwa inayotoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 kutoka mitambo ya Turkana, na kwamba mara tu baada yake ikakatika ile laini ya kutoka Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200. Jumla ni megawati 488, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika nchini wakati huo. Watu wengi walilisikia jina Turkana na wakakata kauli kwamba upepo umetuangusha. Lakini asubuhi hiyo upepo ulikuwa ukivuma vizuri, na mitambo ilikuwa ikizalisha karibu uwezo wake wote. Kilichokatika ni laini. Lau megawati hizo 288 zingekuwa za maji, za mvuke au za makaa ya mawe, na zikapitia laini hiyo hiyo moja hadi kituo hicho hicho kimoja, giza lingetufikia vilevile.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kueleza jinsi mtambo wa upepo unavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi ya hoja huanzia hapo. Hewa ina uzito, na hewa inayosafiri hubeba nishati. Mapanga ya mtambo yameundwa kama bawa la ndege, kiasi kwamba upepo unapoyapitia huyasukuma kwa pembeni na kuyazungusha. Mzunguko huo ni wa polepole, kwa hiyo ndani ya chumba kilichoko juu ya mnara kuna giaboksi inayouzidisha mara nyingi kabla ya kuufikisha kwenye jenereta, nayo jenereta hutoa umeme ambao transfoma huupandisha volti ili uweze kusafiri mbali bila kupotea sana njiani. Hakuna mtambo unaoweza kunasa nishati yote ya upepo, kwa maana hewa ikinyang'anywa mwendo wake wote itasimama na kuziba njia ya hewa inayofuata. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kikomo ni takriban asilimia 59, na mitambo mizuri ya leo hukikaribia kikomo hicho bila kukifikia.

Jambo ambalo wanafunzi wangu huliona la ajabu, na ambalo ningependa kila msomaji alishike, ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Upepo wa mita tano kwa sekunde ukipanda hadi mita kumi kwa sekunde, nishati inayolipita eneo la mapanga ni mara nane ya ile ya mwanzo. Ndiyo sababu mahali panapochaguliwa kwa mitambo ni jambo zito kuliko bei ya mitambo yenyewe. Hii pia ndiyo sababu upepo ukipungua kidogo tu, umeme unaotoka hupungua sana.

Sasa tutazame Loiyangalani. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna bonde pana linalobana upepo wa kusini-mashariki na kuuongezea kasi, upepo ambao wataalamu wa hali ya hewa wameuchunguza kwa miongo mingi. Hapo ndipo ilipojengwa mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, jumla yake megawati 310. Katika nchi nyingi, mtambo wa upepo wa nchi kavu ukizalisha theluthi ya uwezo wake kwa mwaka mzima, wenyewe hufurahi. Hii ya Turkana huzalisha nusu na zaidi. Ongeza megawati 100 za Kipeto kule Kajiado na megawati 25.5 za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwenye Milima ya Ngong, ambako mitambo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na utaona kwamba tuna zaidi ya megawati 430 za upepo katika gridi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa yamepita megawati 2,300. Kwa nchi ya uchumi wetu, hicho ni kiwango kikubwa.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Ngong, na nitasimulia kidogo kwa sababu walichokiona kinaeleza tatizo letu vizuri. Mitambo mingine ilikuwa ikizunguka, na sauti ya kila panga lililopita ilisikika wazi, lakini mmoja ulikuwa umesimama ilhali upepo ulikuwa ukituvua kofia. Msichana mmoja akasema umeharibika. Nikawaambia wayatazame mapanga yenyewe. Yalikuwa yamegeuzwa makali yake yakaelekea upepo, kama mtu anavyogeuza kasia ili maji yapite pembeni. Mtambo hugeuza mapanga hivyo makusudi unapotakiwa kusimama, iwe ni kwa matengenezo, kwa upepo uliozidi mita 25 kwa sekunde, au kwa amri ya msimamizi wa gridi kwamba umeme wake hautakiwi kwa sasa. Sikuweza kuwaambia ni sababu ipi kati ya hizo iliyousimamisha ule, lakini ile ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha kama raia na kama mlipaji.

Kwa nini umeme usitakiwe? Kwa sababu gridi haina ghala. Umeme unaozalishwa ni lazima utumike papo hapo, na umeme unaotumika ni lazima uwe umezalishwa papo hapo. Jenereta zote kubwa za Kenya, kutoka bwawa la Gitaru hadi Olkaria, huzunguka kwa mdundo mmoja unaotoa mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Watu wakiwasha vifaa vingi kuliko umeme uliopo, mdundo huo hushuka. Umeme ukizidi, mdundo hupanda. Na ukitoka nje ya mipaka, vifaa vya kinga hukata laini na mitambo ili isiungue. Kwenye Barabara ya Juja hapa Nairobi kuna kituo cha kitaifa cha kuelekeza umeme, na kazi ya walio humo, usiku na mchana, ni kuulinda mdundo huo. Wengi wetu hupita pale tukiwa ndani ya matatu bila kujua.

Jenereta nzito za maji na mvuke husaidia kazi hiyo kwa uzito wao tu. Chuma kinachozunguka hakikubali kubadilisha mwendo ghafla, kwa hiyo umeme mwingi unapopotea, uzito huo hushikilia mdundo kwa sekunde chache hadi mitambo mingine iongeze nguvu. Mtambo wa upepo wa kisasa hausaidii hivyo kwa kiasi kile kile, kwa kuwa mapanga yake huruhusiwa kubadilisha mwendo kulingana na upepo, na vifaa vya kielektroniki ndivyo vinavyoulinganisha umeme wake na mdundo wa gridi. Hapa wakosoaji wa upepo wana hoja ya kweli, nami naikubali. Gridi yenye upepo mwingi inahitaji akiba ya haraka kutoka kwingine. Lakini akiba hiyo hununuliwa na hupangwa. Si sababu ya kuukataa upepo.

Saa zenyewe ni tatizo jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri. Sisi nasi hutumia umeme mwingi zaidi kuanzia saa moja jioni hadi karibu saa nne usiku, tunapopika, tunapowasha taa na kupiga pasi nguo za kesho. Baada ya hapo nchi hulala, na mahitaji hushuka hadi kukaribia nusu ya yale ya jioni. Fanya hesabu mwenyewe, Mhariri. Mvuke wa Olkaria na visima jirani una uwezo wa zaidi ya megawati 900, na visima hivyo haviwezi kufunguliwa na kufungwa kama bomba la jikoni. Mkataba wetu wa kununua umeme wa Ethiopia ulianza na megawati 200. Upepo ukivuma vizuri una megawati 400. Jumla hiyo hupita kile ambacho Wakenya wanatumia saa tisa za usiku, kabla hata ya kufungua lango moja la bwawa. Ndipo msimamizi wa gridi anapolazimika kuchagua kati ya kuachia mvuke upotee hewani na kuiamuru mitambo ya upepo igeuze mapanga. Saa kumi na sita baadaye, jioni ya siku hiyo hiyo, jenereta za dizeli za Thika, Athi River na Pwani huwashwa ili kuziba pengo.

Msomaji anayetaka kuuona mchezo huo hahitaji kwenda mbali. Atazame ujumbe wa tokeni unaoingia kwenye simu yake. Mbali na bei ya umeme wenyewe, kuna ada ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka kila mwezi kulingana na kiasi cha dizeli kilichochomwa, na kuna marekebisho ya fedha za kigeni. Ninapowafundisha wanafunzi, huwaomba wazazi wao ujumbe huo na tunausoma mstari kwa mstari. Upepo hauna ada ya mafuta. Kila saa ambayo upepo umeachwa upite usiku, na dizeli ikachomwa jioni, tofauti yake huishia kwenye mstari huo wa tokeni, na anayeilipa ni mama wa Kayole sawa na mwenye hoteli wa Westlands.

Tunayo dawa moja ambayo Mungu na wahandisi wa miaka ya nyuma wametupa, nayo ni Mto Tana. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamepangwa moja chini ya jingine, na maji yale yale huzalisha umeme mara tano kabla ya kuendelea na safari yake. Mtambo wa maji unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa muda mfupi sana, jambo ambalo mvuke hauwezi kulifanya kwa urahisi. Upepo unapovuma, maji hayo yanaweza kubaki Masinga, na upepo unapotulia yanaachiliwa. Kwa njia hiyo upepo wa usiku wa Marsabit unaweza kutumika Nairobi saa mbili jioni ya kesho yake, ukiwa umehifadhiwa kama maji ambayo hayakutumika. Denmark, inayopata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo, hutegemea mpango unaofanana na huo, kwa kubadilishana umeme na mabwawa ya Norwe kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Sisi mabwawa yetu yako ndani ya nchi. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2009, wakati ukame ulipolikausha bwawa la Masinga hadi mtambo wake ukasimamishwa, wataelewa kwa nini nasema kwamba kila lita ambayo upepo unatuwezesha kuiweka ni bima ya mwaka wa kiangazi.

Hata hivyo, njia hiyo ina kikomo. Usiku, mitambo mingi ya maji tayari imepunguzwa, kwa hiyo hakuna maji zaidi ya kuokoa, na upepo uliobaki hauna pa kwenda. Hapo zinahitajika betri kubwa zinazojazwa usiku na kutolewa jioni, ambazo pia zinaweza kuitikia ndani ya sehemu ya sekunde mdundo wa gridi unaposhuka, na hivyo kufidia ule uzito ambao mitambo ya upepo haina. KenGen imekuwa na mpango wa betri za aina hiyo kwa muda, na ninachoomba ni uharakishwe. Betri zilizowekwa Suswa au karibu nayo zingetufaa mara mbili.

Pia yahitajika kuwapa watu sababu ya kutumia umeme usiku. Tangu Desemba 2017 wenye viwanda wanaofikisha kiwango fulani cha matumizi wamekuwa wakilipa nusu ya bei usiku, na mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme ambayo usiku hushuka hadi nusu. Hatua hizo ni nzuri, na vijana wa bodaboda za umeme wameanza kuziona faida zake. Lakini mkazi wa kawaida mwenye mita ya tokeni bado hulipa bei moja saa tisa za usiku na saa mbili za jioni. Yule anayepasha maji ya kuoga, anayepiga maji kutoka kisimani kwenda kwenye tangi la ghorofa, au mwenye jokofu la kuhifadhi samaki Gikomba, angeweza kabisa kuhamisha matumizi yake baada ya saa nne usiku kama angepata nafuu kwa kufanya hivyo.

Narudi kwenye laini, kwa kuwa ndizo zilizotuangusha Septemba ile. Umeme wote wa Turkana husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kwa njia moja. Umeme wa Ethiopia nao husafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kufika Suswa. Kanuni ya kale ya wahandisi wa umeme ni kwamba gridi ijengwe hivi kwamba kifaa kimoja chochote, hata kiwe kikubwa namna gani, kikiharibika ghafla, wateja wasijue. Kwa sasa hatujaifikia kanuni hiyo. Laini ya pili ya kutoka kaskazini ni ghali, na hadi itakapojengwa, ni busara zaidi kwa msimamizi wa gridi kuwa na akiba inayozunguka ya kutosha, yaani jenereta zinazozunguka zikiwa tayari kuongeza nguvu, kila wakati laini hizo mbili zimebeba mzigo mkubwa, hata kama akiba hiyo ina gharama yake. Laini mpya ya Isinya hadi Singida, inayotuunganisha na Tanzania, itasaidia pia, kwa kuwa gridi mbili zilizofungwa pamoja huyumba polepole kuliko moja peke yake.

Wala kuchelewa kwa laini si jambo geni kwetu. Mitambo ya Turkana ilikuwa imekamilika mwaka 2017, lakini laini ya kuiunganisha na Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018, na serikali ililazimika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Upepo ulifanya kazi yake. Nalitaja hili kwa uchungu kwa sababu ndilo kosa lile lile tunaloendelea kulifanya, la kuhesabu mitambo na kusahau nyaya. Na kwa kuwa nimeigusa Marsabit, ni haki niongeze kwamba mwaka 2021 mahakama ya ardhi huko Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi huo hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria, na kwamba mradi wa Kinangop wa megawati 60 ulikufa kabisa kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Anayetaka upepo uendelee kutufaa hana budi kuanza na wenye ardhi.

Ombi langu kwa EPRA na kwa msimamizi wa gridi ni moja, na halihitaji fedha nyingi. Tayari ada ya mafuta hutangazwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kando ya tangazo hilo, ichapishwe idadi ya saa ambazo mitambo ya upepo iliamriwa kupunguza uzalishaji mwezi huo, kiasi cha umeme kilichopotea kwa amri hizo, kiasi cha mvuke kilichoachiliwa hewani, na kiasi cha dizeli kilichochomwa jioni za siku hizo hizo. Takwimu hizo zipo Barabara ya Juja. Zikiwekwa mezani, bunge litaweza kuamua kwa hesabu kama betri za Suswa na nafuu ya tokeni za usiku zinajilipia zenyewe, badala ya kuamua kwa kufuata lawama za siku ambayo stima imepotea.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia,
Buruburu, Nairobi